Udhaifu si Unyonge

Yako maneno mawili katika Kiswahili ambayo aghalabu hufundishwa shuleni kama kwamba ni neno moja. Maneno hayo ni udhaifu na unyonge. Mwanafunzi akiulizwa maana ya mnyonge hujibu kuwa ni mtu dhaifu. Akiulizwa maana ya dhaifu hujibu kuwa ni mtu asiye na nguvu, yaani mnyonge. Mwalimu humpa alama zake zote, na somo likaendelea. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maneno haya si pacha, kwamba kila moja lina hukumu yake juu ya mtu anayeitwa hivyo, na kwamba jamii inayoyachanganya huweza kukosea dawa kwa kuwa imekosea jina la ugonjwa.

Mchanganyiko huu una sababu zake, na mojawapo ni mazoea yetu ya kuyapima maneno yetu kwa mizani ya Kiingereza. Anayefungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili hukuta neno “weak” limesimama upande mmoja, na upande wa pili yamepangwa dhaifu, hafifu, legevu na nyonge, kana kwamba yote ni askari wa gwaride moja. Basi na tuanze na Waingereza wenyewe, tuone wao waliyapata wapi maneno yao.

Neno “weak” linatokana na lugha za kaskazini ya Ulaya, na asili yake ni kupinda au kusalimu: ni hali ya kijiti kinachopindika kikishikwa. Neno “feeble” lilitoka katika Kilatini likapitia Kifaransa, na asili yake ni jambo la kuliliwa, la kutia machozi. Neno “frail” nalo ni la Kilatini, na asili yake ni kitu chenye kuvunjika upesi. Waingereza, kwa hiyo, wanao udhaifu wa kupinda, udhaifu wa kuliliwa na udhaifu wa kuvunjika. Huo ni utajiri, wala hatuudharau. Lakini maneno yote matatu yanamtazama mwenye udhaifu peke yake. Yanatuambia kijiti kimepinda. Hayatuambii mkono ulioshika kijiti ni wa nani. Wanayo maneno mengine ya kumtaja aliyeonewa, ila hayo yamewekwa kando, mbali na jamii hii ya “weak”.

Sasa turudi nyumbani. Neno dhaifu limetujia kutoka Kiarabu pamoja na jamaa zake dhoofu, dhoofika na dhoofisha. Tangu lilipoingia katika lugha yetu, neno hili limekuwa neno la uchunguzi. Wanazuoni wa dini ya Kiislamu huita hadithi dhaifu ile ambayo mnyororo wa wapokezi wake umepimwa ukaonekana una kasoro. Fundi mwashi hugonga ukuta akasema ni dhaifu. Mganga hushika mkono wa mgonjwa akasema mapigo yake ni dhaifu. Katika matumizi hayo yote yuko mpimaji, kiko kipimo, na kiko kitu kilichopungukiwa. Kinyume chake ni nguvu, kama methali isemavyo: Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Ni kweli kwamba tunalo pia neno dhoofisha, ambalo linamtaja mtendaji. Lakini ni lazima tuliongeze kwa makusudi. Dhaifu likisimama peke yake halisemi udhaifu umetoka wapi. Linasema upo, na upo ndani ya kitu chenyewe.

Mnyonge ni neno la namna nyingine. Kwanza tutazame umbo lake. Katika Kiswahili, jina litokanalo na kitenzi likiishia na irabu “e” mara nyingi humtaja aliyetendwa, si aliyetenda. Mtume ni aliyetumwa. Kiumbe ni kilichoumbwa. Mteule ni aliyeteuliwa. Mshinde ni aliyeshindwa. Tukilipanga neno mnyonge katika safu hiyo hiyo, kitenzi kinachojitokeza ni nyonga, yaani kukaba koo au kusokota. Na mnyonge anakuwa ni yule aliyenyongwa, aliyebanwa asipumue. Kama yuko mtaalamu atakayedai ushahidi zaidi wa asili hiyo, na audai; lakini sikio la Mswahili limekwisha kuyaunganisha maneno hayo mawili katika methali ambayo hakuna mtoto wa Tandika wala wa Mwananyamala asiyeijua: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Methali hii hutumika kila siku, tena kwa wepesi, mtu anapotaka kukiri sifa ya yule asiyempenda. Uzito wake, hata hivyo, ni mkubwa kuliko matumizi hayo. Ndani yake wamo watu wawili: mnyonge, na wale wanaoambiwa wamnyonge. Wenye nguvu wanaruhusiwa na methali kufanya yote wanayoweza, kwa kuwa methali inajua kwamba watafanya. Kisha wanakumbushwa kwamba liko deni ambalo nguvu hailifuti. Tena tuangalie deni lenyewe ni nini. Methali haikusema mpeni sadaka. Haikusema mpeni dawa, wala pole. Ilisema mpeni haki, tena haki yake, iliyokuwa yake kabla ya kukabwa.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana wazi. Udhaifu ni hali ya kitu. Unyonge ni uhusiano baina ya watu. Mtu anaweza kuwa dhaifu peke yake katika kisiwa kisicho na mtu mwingine. Hawezi kuwa mnyonge huko, maana hakuna wa kumnyonga.

Tuijaribu tofauti hii kwa mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa kwetu. Katika tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na kuichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1963, Cassius analalamika kwamba mtawala wa Roma ni mtu wa mwili usio na nguvu: alikaribia kuzama katika mto Tiber akaomba aokolewe, na alipokuwa Hispania alitetemeka kwa homa. Shakespeare anamtia Cassius kinywani neno lile lile la “feeble”. Je, Caesar ni dhaifu? Kwa kipimo cha Cassius, naam. Je, ni mnyonge? La hasha. Hakuna Mswahili atakayemwita mnyonge mtu ambaye dunia nzima inamwinamia. Mwanafunzi mwenye nakala ya Kiingereza na ya Kiswahili aziweke mezani pamoja, aone mfasiri alilazimika kuchagua neno gani na kwa nini.

Mfano wa kwetu ni kinyume cha huo. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya huko Kilwa Kivinje, mahali ambapo watu wamepaita Mwembe Kinyonga. Mwaka 1905 walimnyonga Kinjeketile Ngwale, na mwaka 1906 wakawanyonga viongozi wa Wangoni huko Songea wakati wa vita vya Majimaji. Watu hao hawakunyongwa kwa sababu walikuwa dhaifu. Walinyongwa kwa sababu nguvu zao zilimtisha mtawala. Anayeandika katika mtihani kwamba babu zetu walitawaliwa kwa kuwa walikuwa dhaifu hajasema neno la kutosha, na huenda amesema neno la uongo. Kwa maana ameutafuta ndani ya mwili wa babu zetu mkono uliokuwa nje.

Hoja hii inatufikisha katika andiko ambalo ndilo lililolipa neno unyonge heshima yake ya kitaifa, nalo ni Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Azimio liliutaja unyonge wa Waafrika kuwa ndio mlango uliowaingiza waonevu na wanyonyaji, likataka mapinduzi ya kuuondoa. Katika nakala ya Kiingereza, unyonge huo ulitafsiriwa kwa neno “weakness”. Hatumlaumu mfasiri, kwani lugha yake haikumpa neno jingine karibu. Lakini msomaji wa Kiingereza alipokea hoja iliyopunguzwa uzito. Alisoma kwamba Waafrika walionewa kwa kuwa hawakuwa na nguvu. Msomaji wa Kiswahili alisoma hivyo, na akasikia pia sauti ya kitanzi.

Yupo atakayetupinga hapa kwa haki. Atasema: Azimio lenyewe linautaja unyonge kwanza na kuonewa baadaye, basi unyonge ni chanzo, si matokeo, na kwa hiyo ni sawa na udhaifu. Tunamjibu kwamba aitazame dawa. Kama Azimio lingekuwa linazungumzia udhaifu mtupu, lingeagiza nguvu kutoka kwa mwenye nazo: fedha, mikopo na misaada. Azimio lilifanya kinyume. Lilikosoa tabia ya kutegemea fedha, likisema kuwa hiyo ni silaha ya wenye nguvu ambayo sisi hatunayo, likaelekeza watu katika kujitegemea. Aliyekabwa koo hamwombi mkabaji amwongezee pumzi, hujinasua. Huo ndio mduara wa unyonge: aliyekwisha kunyongwa jana hunyongeka kwa urahisi zaidi leo, na mduara haukatiki mpaka uhusiano wenyewe ubadilike.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya vitabu tu. Mitaa ya pembezoni ya Dar es Salaam imepata kuishi chini ya maneno haya mawili kwa zamu. Baada ya Shirika la Nyumba la Taifa kuundwa mwaka 1962, mpango wa Serikali katika miaka hiyo ya kwanza ulikuwa kubomoa nyumba za udongo na makuti, Magomeni ikiwa mojawapo ya sehemu hizo, na kujenga za saruji mahali pake. Nia ilikuwa njema. Jicho la mpango huo lilikuwa jicho la fundi: liliona kuta dhaifu, na ukuta dhaifu hubomolewa. Lakini nyumba zilizojengwa hazikuweza kuwafikia watu waliokuwa wakiongezeka, na kila ilipobomolewa nyumba mahali pamoja zilichipuka nyingine mahali pengine.

Katika miaka ya 1970 mtazamo ulibadilika. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulianza mpango wa viwanja na wa kuboresha makazi yaliyojengwa bila kupimwa. Manzese, ambayo wakati huo ilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni, na baadaye Mtoni na Tandika katika Wilaya ya Temeke, hazikubomolewa zote. Zilipelekewa barabara, maji na taa, na wakazi wakaachwa mahali pao. Nyumba zilikuwa ni zile zile, tena nyingine dhaifu kweli. Kilichobadilika ni swali. Badala ya kuuliza ukuta huu una kasoro gani, uliulizwa: mtu anayeishi humu amenyimwa nini? Swali la kwanza ni la udhaifu, na jibu lake ni nyundo. Swali la pili ni la unyonge, na jibu lake ni haki. Mpango huo nao ulikuwa na mapungufu yake, ila hatuwezi kukana kwamba ulianza na neno lililo bora.

Katika miaka ya karibuni maneno haya mawili yamepata misukosuko ambayo mwalimu wa lugha hana budi kuifahamu. Mwezi Juni 2012, John Mnyika, aliyekuwa Mbunge wa Ubungo, jimbo lililokuwamo katika Wilaya ya Kinondoni, alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge baada ya kukataa kuifuta kauli yake kwamba Rais ni dhaifu. Mwanzoni mwa mwaka 2019, Profesa Mussa Assad, ambaye alikuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, aliitwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Haki, Maadili na Madaraka kwa sababu alitumia neno udhaifu juu ya namna Bunge linavyoshughulikia taarifa za ukaguzi. Yeye alieleza kwamba neno hilo ni la kawaida katika kazi yake. Mwezi Aprili mwaka huo Bunge likaazimia kutofanya kazi naye.

Hatuingii katika hukumu ya mashauri hayo. Kazi yetu ni neno. Nalo neno, kama tulivyoona, ni la uchunguzi tangu asili yake: mkaguzi aandikapo udhaifu wa mfumo anafanya kazi ile ile ya fundi agongaye ukuta, na udhaifu uliotajwa mapema ni ukuta uliookolewa. Mbona basi linauma? Linauma kwa sababu dhaifu halitoi udhuru. Halimpi anayeitwa hivyo mtu mwingine wa kumlaumu; linaiweka kasoro yote ndani yake. Ndiyo maana mwenye cheo hulipokea kama tusi hata pale lilipokusudiwa kuwa kipimo.

Neno wanyonge, kwa upande wake, limepata bahati ya ajabu. Katika uongozi wa Rais John Magufuli, kuanzia 2015 hadi 2021, lilirudi katika hotuba na magazeti kwa wingi, na wafuasi wake walimwita mtetezi wa wanyonge. Mwezi Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, ili wasisumbuliwe barabarani, na wengi katika vibanda vya Temeke na Kinondoni walivipokea kwa furaha. Hapo methali ilikumbukwa: haki yake mpeni. Lakini kadiri neno lilivyozidi kutumika, ndivyo lilivyoanza kubadilika likawa jina la kabila. Watu wakawa wanyonge kama vile wengine walivyo Wazaramo au Wanyamwezi, kana kwamba ndivyo walivyozaliwa na ndivyo watakavyozikwa. Hata katika mashairi limechoka; hutiwa mwishoni mwa mshororo kwa kuwa kina chake kinapatana na tonge.

Tunaona hatari katika jambo hilo, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika makala haya. Azimio liliutaja unyonge ili uondoke. Anayewataja wanyonge ili awatetee daima, asipokuwa mwangalifu, atajikuta anawahitaji wabaki walivyo. Unyonge ukiwa sifa ya kudumu ya mtu, umekuwa udhaifu kwa jina jingine: mkono ulioshika koo umesahaulika, imebaki shingo tu. Tena angalieni jinsi mizani ilivyoinama. Anayekiita chombo kikubwa dhaifu huweza kutakiwa kujieleza mbele ya kamati. Anayewaita mamilioni ya watu wanyonge hupigiwa makofi. Iwapo neno la kwanza linahitaji ushahidi, na la pili nalo linauhitaji. Tuambiwe wamenyongwa na nani, kwa njia gani, na haki yao ipi itarudishwa lini.

Mwisho tunasema na walimu, kwa maana ninyi ndio mnaoyatumia maneno haya pahali penye athari kubwa kuliko Bungeni. Katika taarifa za maendeleo ya wanafunzi, daraja la D mara nyingi hufafanuliwa kwa neno moja tu: dhaifu. Alama huweza kuwa dhaifu, na ni wajibu wa mwalimu kusema hivyo bila woga, kama mkaguzi na kama fundi. Lakini neno hilo lina tabia ya kuhama. Linatoka katika safu ya somo linapanda hadi kwenye jina, na mtoto anarudi nyumbani Mbagala au Tandale akijijua kuwa ni mtoto dhaifu. Kabla hamjaliruhusu lihame, ulizeni swali la pili. Je, mtoto huyu ana kitabu, au wanasoma watano katika kimoja? Je, usiku ana taa? Je, baada ya masomo hutembeza karanga mpaka saa mbili za usiku? Huenda mlichokipima si kichwa chake.

Wala hatusemi kwamba kila anayeshindwa ni mnyonge. Kiswahili si lugha maskini: yuko mzembe, yuko goigoi, yuko mtoro, na kila mmoja aitwe kwa jina lake. Mvivu anapojiita mnyonge anaiba haki ya mnyonge wa kweli, na mwalimu anayemkubalia amesaidia wizi. Tunachotaka ni neno lifuate uchunguzi, lisiutangulie.

Mwalimu anayeandika “dhaifu” akaishia hapo ametoa hukumu. Mwalimu anayeandika “dhaifu katika hesabu za sehemu, alikosa masomo wiki tatu za masika, njia ilipojaa maji” ametumia wino kidogo zaidi, na kila anayesoma taarifa hiyo anajua la kufanya: mwalimu arudie hesabu za sehemu, na wenye dhamana ya mtaa watengeneze njia.